Darius Anapenda Duka Hili

Adolphine alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, wakati mwanawe marehemu alipopenda duka la mota za mitumbwi.

"Darius anapenda duka hili," simu ilisema, na picha yake ndogo pembeni, ile ya kofia. Chini yake mota nyekundu na maneno: Tumefungua Mboko mwezi huu, karibuni.

Darius alifukiwa na shimo la dhahabu Lulimba mwaka jana. Mwili haukupatikana, kwa hiyo ukoo ulivika sanda kigogo cha mgomba, wakakizika, watu wakalia, matanga yakaondolewa. Adolphine hakulia. Walimwambia machozi yatakuja tu. Aliyangoja, akachoka kuyangoja, akarudi kwenye mihogo yake.

Binti yake, Gentille, alichukua simu akaitazama.

"Mama, ile ni publicité, tangazo ya biashara. Inakamata jina ya rafiki yako, inaitia ku bitu bya kuuzisha ili na we upende. Darius alipendaka zamani. Niizime? Nikifinya hapa haitakuonyesha tena."

"Na hiyo duka ilifunguka lini?"

Gentille akasoma tena. "Mwezi hii," akasema.

"Usifinye," mama yake akasema.

Kesho yake alipanda pikipiki mpaka Mboko. Mama mwingine angefurahi njiani, au angeogopa, lakini wapi! Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na kilichomsumbua zaidi ni vumbi. Kama mtoto yu hai, walilililia gogo. Kama hayupo, ni nani huyu anayezunguka akipenda maduka kwa jina lake? Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Mwenye duka, Yasini, kijana wa ndevu za kuhesabika, alimtajia bei kabla hata ya kumsalimia. Adolphine alimwonyesha tangazo, akamwambia huyo ni mwanawe na wamekwisha kumzika. Yasini aliketi juu ya kasha la mota.

"Mama, unisamehe. Hii simu nilinunua ku Lulimba, kwa muchimbaji mumoja. Alisema ni ya mwenzake. Nilikuta kompte yake ya mtandao iko wazi ndani, mi nikaendelea nayo tu. Duka yangu haikukuwa na mutu wa kuipenda. Nikaipenda mi mwenyewe."

"Huyo muchimbaji alimuacha mwenzake wapi?"

"Mu shimo, mama. Alisema shimo iliangukaka, na simu ilikuwa imebakia inje mu koti."

Alimpa ile simu. Adolphine aliigeuza. Mgongoni ilikuwa na herufi D, ile Darius aliyoikwangua kwa kisu. Basi, mtoto alikuwa amekufa kweli, kama walivyomwambia tangu mwanzo. Alingoja tena kidogo, labda machozi yangekuja sasa. Hayakuja, na hilo lilimuuma kuliko habari yenyewe.

"Sikujua, haki ya Mungu," Yasini akasema. "Nifunge hii kompte sasa hivi? Jina yake haitatokea tena kwako, hata siku moja."

Alikuwa ameichukua tena simu, kidole tayari juu ya kioo. Adolphine alimshika mkono.

"Usifunge. We endelea kupenda bitu. Biatu, mupira, mota, byote."

Yasini aliondoa kidole.

"Ila pombe, usipende," Adolphine akasema. "Darius hakukunywaka pombe."