Mkono wa Kushoto wa Bata

Mtu akimuuliza Mama Bata ana watoto wangapi, alijibu "wawili" na vidole vyake havikuacha kusuka. Akiulizwa wako wapi, alisema mdogo yuko shule na mkubwa hayupo. Hayupo, kana kwamba katumwa dukani na sasa hivi atarudi na chenji. Neno lenyewe la kweli halikuwahi kumtoka kinywani tangu homa ya uti wa mgongo ilipomchukua binti huyo, na wanawake wa saluni walijifunza kutomchokoza.

Mkubwa ndiye aliyeitwa Bata, kwa kupenda maji. Mdogo akaitwa Kifaranga, kwa kumfuata Bata kila aendako, hata chooni, mpaka Bata akawa anapiga kelele, "Mama, nibandulie huyu!" Bata alipojiunga na klabu ya kuogelea, nani tena angemzuia Kifaranga? Wakapewa njia moja bwawani, wakiogelea ubavu kwa ubavu, Bata kulia, mdogo wake kushoto. Kifaranga alivuta pumzi kwa upande wa kulia, na kila alipogeuza uso aliona kitu kimoja tu: mkono wa kushoto wa dada yake ukienda mbele. Mkono huo ndio uliomfundisha kuogelea.

Na mkono wenyewe, jamani, ulikuwa mbovu. Bata alianguka ngazini akiwa mdogo, akavunjika kifundo cha mkono, na mfupa ukaunga upande. Kwa hiyo kiganja chake, kabla ya kuingia majini, kilijipinda kidogo kama mtu anayefukuza nzi, kisha kikazama kidole gumba kikitangulia na kukatiza mbele ya kichwa. Mama Bata alikuwa akikaa jukwaani na kumtania, "Majini hakuna nzi, mwanangu!" Bata alimjibu kwa kumrushia maji.

Kifaranga hakuvunjika popote. Lakini naye alimfukuza nzi yule yule.

Baada ya msiba watu walidhani Mama Bata hatataka hata kulisikia jina la bwawa. Kumbe ndio kwanza akazidi. Kila jioni ya mazoezi alifunga kazi mapema, akaenda kukaa kwenye ngazi ile ile ya jukwaa. Ukimtazama mwogeleaji kwa mbali unaona nini? Kofia imeficha nywele, miwani imeficha macho, mwili uko majini. Kinachobaki ni mkono, na mkono huo ulikuwa wa Bata. Kwa muda wote wa mazoezi mama yule alikuwa na watoto wake wawili, na kipenga cha mwisho kilipolia alibaki na mmoja.

Kocha wa klabu, mwanamke wa makamo asiyejua kunong'ona, alimfuata jukwaani siku moja.

"Mama Bata, samaki mkunje angali mbichi. Huyu mtoto lazima tumrekebishe mkono. Uingie mbele ya bega lake, vidole vikitangulia, vimelegea. Akishanyoosha, kiwiko kibaki juu, vidole vielekee chini, halafu asukume maji mpaka pajani. Sasa yeye anaingiza gumba na kukatiza katikati, na kila akipiga mkono bega linajisokota. Hilo bega litakwisha. Na mchujo wa timu ndio huo unakuja."

"Sawa, Kocha," alisema Mama Bata. Moyoni hakusema sawa hata kidogo.

Kocha akashuka majini, akaushika mkono wa Kifaranga na kuuongoza polepole, mara hii, mara hii tena, kisha akamwachia aende peke yake. Mtoto akaenda. Mkono ukapita sikioni, ukanyooka, ukaingia majini kimya, na nzi hakufukuzwa. Kocha alipiga makofi. Mama Bata aliinuka, akatoka, akaenda nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo na kujishikilia kwenye bomba la maji. Ilikuwa kama kumzika mara ya pili. Aliporudi, mkono wa kushoto ulikuwa ukijipinda tena kama kawaida. Akamshukuru Mungu, wala hakuona haya.

"Alipata, kisha akapoteza," Kocha alilalamika. Akampa mpira mrefu wa kuvuta. "Saluni yako ina vioo vikubwa. Ufunge huu kwenye kitasa cha mlango, avute mbele ya kioo, na wewe umsimamie. Umesikia nilivyoeleza. Nakutegemea wewe, mama."

Alimtegemea fisi alinde bucha! Jioni, wateja wakiisha, Kifaranga alisimama mbele ya kioo akivuta mpira, na mama yake alikaa nyuma kwenye kiti cha wateja. Mkono ukienda sawasawa alisema, "Aa, hapo umekosea, rudia." Ukijipinda na kukatiza alisema, "Enhe, hapo sasa." Kifaranga alimtazama kwenye kioo, akarudia.

Msusi wa kiti cha pili, ambaye wenzake walimbatiza jina la Redio kwa kuwa hazimiki, alishindwa kuvumilia.

"Mwenzangu, mimi hata beseni naliogopa. Lakini Kocha, mtoto anavyosimulia, si alisema gumba lisitangulie?"

"Wewe fagia nywele zako."

"Nafagia. Ila mtoto anakunja uso akivuta. Na wahenga walisema, mficha maradhi..."

Hapo Redio alikumbuka kwamba neno linalofuata katika methali hiyo ni kifo. Akajiziba mdomo, akafagia hata pale palipokwisha kufagiwa.

Siku moja kabla ya mchujo, Mama Bata alimkalisha Kifaranga kitini amsuke nywele ndogo ndogo za kulala chini ya kofia. Akagawa nywele, akasema kama anavyowaambia wateja wote, "Nishikie hapa." Kifaranga akainua mkono wa kulia na kuuvusha juu ya kichwa kwenda upande wa kushoto.

"Siyo huo, mkono wa huku huku."

Mkono wa kushoto ukapanda hadi usawa wa sikio. Ukasimama, ukaanguka mapajani. Mama Bata aliligusa bega, nalo lilikuwa limevimba na kuchemka.

"Linauma tangu lini?"

"Tangu muda."

"Na hukusema?"

Kifaranga alijibu akikitazama kioo. "Ningesema, Kocha angenilazimisha niunyooshe. Naweza kuunyoosha, mama. Niliweza siku ile ile. Nikageuza uso kuvuta pumzi, nikaona pale unapokaa hakuna mtu."

Mama Bata aliweka kitana chini.

"Nikajua usipomwona yeye," mtoto alisema, "mimi hutakuja kuniangalia."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema, na ni kweli. Lakini mzazi huyu alikuwa ameuzamia uchungu wa mwana mmoja, huku wa pili akiungua mkononi mwake, usiku baada ya usiku, yeye mwenyewe akimwambia rudia. Alizunguka mbele ya kiti na kupiga magoti juu ya nywele zilizokatwa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilijua. Kila nilipokwambia umekosea nilijua hujakosea."

"Najua, mama," alisema Kifaranga. "Hata mimi nilitaka aendelee kuwepo."

Walilia pale pamoja, kwa mara ya kwanza, maana siku ya msiba kila mmoja alilia chumbani mwake. Kisha Mama Bata alisimama nyuma ya mwanawe, wote wawili wakitazama kioo, akaushika mkono wa kushoto kwa chini jinsi unavyombeba mtoto mchanga. Hakuupandisha hadi palipouma. Akaupeleka mbele, taratibu, usawa wa bega, vidole vimelegea. Ulipofika pale penye nzi, kiganja cha mama ndicho kilichotaka kujipinda. Alikikaza.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo."

Mchujo ulipita bila Kifaranga. Mama Bata alimweleza Kocha ukweli wote, bila kujitetea, na Kocha, ambaye kila siku sauti yake ilifika barabarani, alisema kwa sauti ndogo kwamba bega litapona na timu itachaguliwa tena mwakani. Mtoto akapumzishwa, akakandwa, mpaka akaweza kujishikia nywele mwenyewe.

Jioni aliyorudi majini, Mama Bata alikaa kwenye ngazi yake na kuikalia mikono yake. Kifaranga akajisukuma ukutani. Siku zote, hata baada ya msiba, alikuwa akiogelea upande wa kushoto wa njia, akiacha nafasi. Leo alikwenda katikati. Mkono wa kushoto ukatoka, kiwiko juu, ukapita sikioni, ukanyooka mbele ya bega na kuingia bila kelele. Ukatoka tena, ukaingia hivyo hivyo. Ulikuwa mzuri, na ulikuwa wa Kifaranga mwenyewe.

Baba mmoja mgeni, aliyemleta mwanawe kwa mara ya kwanza, alimgeukia Mama Bata. "Huyu binti ana mkono safi. Kafundishwa na nani?"

"Na dada yake."

"Ahaa. Dada yake ni yupi kati ya hawa?"

Mama Bata aliyatazama maji. Alijua, lakini alitafuta hata hivyo, njia moja baada ya nyingine, mkono baada ya mkono, bwawa zima.

"Hayumo," alisema. "Alikufa. Mwanangu mkubwa alikufa."

Yule baba alivua kofia, akasema pole, mama. Chini, Kifaranga aligeuza uso kuvuta pumzi na macho yake yakaenda jukwaani. Mama yake alikuwa analia kwa sauti, watu wote wakimtazama, lakini alikuwa pale pale, hajainuka.