Jagi la Sista Mkuu

Darasani walimwita Mama Sala, kwa sababu hakuwahi kufungua kompyuta bila kuinamisha kichwa kwanza. Mhasibu, kijana aliyekaa naye dawati moja, alizoea kumtania.

"Mama, ukimaliza huko juu niombee na mimi. Betri yangu imebaki robo."

"Betri yako inataka waya, mwanangu, haitaki maombi," alijibu, na dawati la nyuma likaangua kicheko.

Alikuwa muuguzi wa siku nyingi, mwenye wajukuu. Mchana alikuwa kazini. Jioni alivua viatu vyeupe, akavaa vya kutembelea, akaja kusoma na watu ambao baadhi yao huenda aliwapokea yeye mwenyewe siku walipozaliwa. Usingizi ulimjia, magoti yalimuuma, lakini alikuja. Aliamini kwamba Mungu aliyemfungulia mlango uzeeni hakukosea saa.

Walichokuwa wakijifunza muhula ule ni njia ya kuchambua majibu ya dodoso, ambayo wenyewe huiita kwa herufi tatu, PLS. Ukitaka kupima kitu kisichoonekana kwa macho, kama mapokezi ya hospitali au imani ya mgonjwa, huwezi kukiwekea rula. Unauliza maswali kadhaa yanayokigusa. Unachora duara la kitu chenyewe, unachora visanduku vya maswali, unaviunganisha kwa mishale, na programu inakupa namba ya kila mshale, kuonyesha swali hilo linavyokwenda pamoja na mengine. Kisha unaunganisha duara na duara na kuuliza: je, mapokezi mema yanajenga imani? Na hiyo imani inamrudisha mgonjwa kliniki?

Katika utafiti wake kwa wagonjwa wa hospitali, duara la mapokezi lilikuwa na visanduku vinne: muda wa kusubiri, mabenchi ya kukalia, faragha ya chumba cha kupimiwa, na kusalimiwa. Mishale yote ilitoka kwenye duara kwenda kwenye visanduku. Vitatu vilipata namba za kuridhisha. Cha nne, cha salamu, kilimtoa jasho.

Mwalimu aliinama juu ya bega lake akaitazama skrini. Alikuwa kijana mpole, lakini kazini hakuwa na mchezo.

"Mama, hiki kinakuharibia kazi. Nukta tatu nane! Kawaida yetu mnaijua. Nukta saba na kwenda juu, kaa kwa amani. Kati ya nukta nne na nukta saba, fikiri kabla hujakata. Chini ya nukta nne, toa."

"Nitoe salamu?"

"Toa, au nipe sababu. Sababu, Mama, siyo mapenzi. Alhamisi unasimama mbele ya jopo la watahini kutetea utafiti wako, na jopo halijui kubembeleza mtu."

Alijua maana yake. Jopo likimrudisha, angesubiri mwaka mzima, na mwaka huo hakuwa nao. Kabla haujaisha angekuwa amestaafu, na ruhusa ya masomo aliyopewa na hospitali ingekwisha pamoja na kazi.

Mhasibu alimgusa kiwiko. "Bonyeza 'futa' tu, Mama. Sekunde moja. Swali haliumi."

"Lako haliumi."

Swali lile la salamu lilitoka kwa Sista Mkuu, aliyemfundisha kazi wakati yeye ni msichana mwenye kofia isiyomkaa kichwani. Wodi ile ya zamani siku hizi ni stoo ya vitanda vibovu, ila yeye akifumba macho bado aliiona: sakafu iliyong'arishwa kwa nta nyekundu mpaka ukaona kivuli chako, vipimajoto vimelala kwenye glasi, mapazia ya kijani yakijaa upepo. Kila asubuhi, kabla hajashika faili lolote, Sista Mkuu alipita kwenye benchi la wagonjwa, mwanzo hadi mwisho, akisalimia mmoja mmoja. "Umeamkaje, baba? Mtoto amelala, mama?" Wauguzi wasichana walimcheka kichinichini kwamba anapiga kampeni. Siku alipougua mwenyewe, benchi lilikaa kimya asubuhi nzima, na watu wawili watatu waliinuka wakaondoka bila kutibiwa. Hakuna aliyewafukuza. Waliondoka tu.

Sista Mkuu alikwisha kufariki. Kofia zile hazivaliwi tena. Katika dunia nzima, mambo ya benchi lile yalikuwa yamebaki kwenye kisanduku kimoja cha dodoso.

Na hilo ndilo lililomtia hofu. Alijijua. Alijua moyo unavyoweza kumvuta mtu akaita kumbukumbu ushahidi. Usiku ule alipiga magoti kando ya kitanda akasema, "Mungu wangu, kama ni mapenzi tu yananishikilia, nilegeze vidole. Kama kuna ukweli humo, nionyeshe, maana mimi namba nimezijulia uzeeni."

Jumatano asubuhi, siku yake ya mapumziko, mumewe aliamka tumbo limemchafuka. Alikuwa dereva mstaafu, na ugonjwa kwake ulikuwa kama kusimamishwa na askari: alibisha kwanza.

"Sina kitu mimi. Ni kile kiporo."

"Umekwenda chooni mara ngapi tangu alfajiri?"

"Sikuwa na kalamu ya kuandika."

Mama Sala alicheka, akateremsha kutoka juu ya kabati jagi la bati lenye ukingo wa buluu, lililobambuka rangi mdomoni. Alipewa na Sista Mkuu, siku Sista huyo alipostaafu. Akachemsha maji, akayapooza, akatia sukari, akatia chumvi, akakoroga kama alivyokoroga mara zisizo na idadi katika wodi ile. Mumewe alionja akakunja uso.

"Mke wangu, unataka kunizika? Toa hiyo chumvi. Sukari peke yake inatosha."

"Nikitoa chumvi hii si dawa tena, ni maji ya sukari. Kunywa."

"Chumvi na sukari wapi na wapi? Hata hazifanani!"

"Nani kakwambia lazima zi..."

Kijiko kilibaki hewani. Mumewe alimwangalia kwa wasiwasi. "Sasa wewe ndiye mgonjwa?"

Hakumsikia. Alikuwa akiiona mishale. Miaka yote ya uuguzi alisoma dalili: joto kupanda, kutetemeka, kichwa kuuma. Malaria ni moja, nayo ndiyo inayozaa dalili zote, kwa hiyo dalili huja pamoja, na moja ikipotea nyingine zitakusimulia. Akili ya muuguzi imezoea njia hiyo. Kwa mazoea hayo hayo alichora mishale yote ikitoka kwenye duara, kana kwamba mapokezi ni ugonjwa na benchi ni dalili yake.

Lakini benchi halitoki kwenye mapokezi, wala salamu haitoki huko. Ni hivyo vyote vinavyokutana vikayafanya mapokezi, kama sukari na chumvi zinavyokutana kwenye jagi. Hospitali inaweza kuwa na benchi zuri na muuguzi asiyeinua uso. Kwa nini namba zake zifanane?

"Asante, baba watoto," alisema.

"Ya nini? Sijanywa hata nusu."

Jioni aliwahi darasani, na jagi limo mkobani. Mhasibu alichungulia. "Leo tumeletewa chai?" Mama Sala aliliweka mezani, akamweleza mwalimu tangu kiporo hadi kijiko. Mwalimu alisikiliza akikuna kidevu, kisha akatabasamu.

"Hiyo ni sababu. Lakini usishangilie bado, Mama. Ukigeuza mishale, unabadilisha na vipimo. Ile kawaida ya nukta saba haihusiki tena hapa. Kwanza hakikisha visanduku havirudii jambo lile lile, usije ukatia sukari mara mbili. Je, uliuliza swali moja la jumla?"

"Liko mwisho. 'Kwa ujumla, ulipokelewaje?'"

"Vizuri sana. Linganisha duara lako na hilo. Likiwa mbali nalo, kuna kitu umesahau kutia. Mwisho iache programu ichote upya kutoka kwenye majibu hayo hayo, maelfu ya mara, uone mchango wa kila kisanduku unasimama au unayumba. Salamu ikiyumba?"

"Nitaandika kwamba imeyumba."

"Na ukilazimika kuitoa?"

"Nitalia kidogo, halafu nitaitoa."

Aliinamisha kichwa. Safari hii Mhasibu hakutania. Naye aliangalia chini. Mama Sala aligeuza mishale mmoja mmoja, akabonyeza.

Visanduku havikurudia jambo moja, na duara lilikuwa karibu na lile swali la jumla. Muda wa kusubiri ulikuwa wa kwanza kwa mchango, tena kwa mbali. Alikuwa ametamani, Mungu amsamehe, salamu iongoze. Salamu ilikuwa ya pili. Ilisimama. Kilichoyumba ni benchi.

"Benchi!" Mhasibu akasema. "Watu hawajali pa kukaa!"

"Wanajali. Utalijua hilo magoti yako yakifika umri wangu," alisema Mama Sala, akaandika benchi lilivyoyumba, bila kulipamba. Aliliacha ndani, akaeleza kwa nini: lilikuwa sehemu ya mapokezi hata kama mchango wake ulikuwa mdogo.

Alhamisi, mjumbe mmoja wa jopo alivua miwani. "Salamu ilikuwa na namba mbaya. Umegeuza mishale ili uiokoe?"

Mama Sala alimgeukia. "Kuiokoa nilitaka, mheshimiwa. Ndiyo maana niliogopa. Mishale nimeigeuza kwa vyote vinne, na hiyo hiyo imelitia aibu benchi, ambalo mwanzo lilikuwa na namba nzuri." Kisha akaeleza chumvi na sukari. Mjumbe alirudisha miwani, akaandika kitu, akasema, "Endelea."

Walimpitisha, kwa masahihisho.

Ijumaa asubuhi alifika hospitali mapema. Alipita kwenye stoo ya vitanda, akachungulia dirishani; chini ya vumbi, kipande cha sakafu kilikuwa bado chekundu. Benchi la wagonjwa lilikwisha kujaa. Mafaili yalimngoja mezani, rundo zima, na muda wa kusubiri, alijua sasa kwa namba, ndio unaoumiza zaidi. Akayabeba mafaili mkononi ili asipoteze dakika, akaanzia mwanzo wa benchi.

"Umeamkaje, baba?"