Siagi Isiyo na Moshi

Itangazwe toka Kapseret hadi Moi's Bridge, ng'ombe wasikie na mahindi yainamishe vichwa: leo, jua la Agosti likiyeyuka juu ya mashamba kama siagi juu ya mkate moto, Jemutai binti Rael, mwanafunzi wa kidato cha pili, bingwa wa kutia chumvi katika chai ya viranja, ameoka mkate.

Hakuoka. Aliununua dukani, akaficha karatasi yake chini ya godoro.

Lakini mkate wa dukani ni kama mwanafunzi wa bweni: mvike vizuri, hakuna atakayeuliza alikotoka. Jemutai alilainisha siagi ya pakiti juani, akaitia asali, akaikunia ganda la limau, akaikatia majani ya rosemari aliyoyachuma kwenye ua wa kanisa la shule bila kumwomba mtu ruhusa. Akaipaka kipande baada ya kipande, polepole, kama apigaye pasi sare ya Jumapili.

Mama Nyokabi alikuwa anakuja.

Mama Nyokabi, jirani wa ng'ambo ya seng'enge. Nyumba yake iliteketea Januari, katika ghasia za baada ya kura, na kibanda chake cha duka kikateketea pamoja nayo. Tangu hapo analala hemani, katika uwanja wa maonyesho mjini. Leo anakuja kuliangalia shamba, aamue: ajenge, au auze. Akijenga, binti yake Nyokabi atarudi shuleni. Akiuza, kitanda cha juu ya kile cha Jemutai bwenini kitabaki chuma kitupu.

Siagi ya nyumbani ilikuwepo. Mama yake, Rael, huitikisa mwenyewe katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, ikatoka ya kijivu, nzito, yenye harufu ya moshi.

Moshi! Jemutai aliibeba siagi ile na bakuli lake, akaifungia kwa kufuli ndani ya sanduku lake la shule. Moshi usionekane. Akamwaga maji jikoni, kuni zikalia, zikanyamaza. Moshi usinuke. Akamwonya mama yake kuhusu maneno ya kutosema. Moshi usitajwe.

Mama Nyokabi alifika na vumbi miguuni. Alikaa karibu na mlango, kama mtu ambaye hajaamua kuingia. Ndipo Jemutai akasimama, mikono nyuma, akatangaza kwamba mkate huu ameuoka kwa mikono yake mwenyewe, kwa heshima ya mgeni.

Mama Nyokabi, aliyeuza mikate nusu ya maisha yake, alitazama vile vipande vilivyolingana.

"Hiyo mikono yako iko na mashine?"

Rael alicheka hata chai ikamwagika. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu Krismasi.

Kisha Mama Nyokabi akauma. Akatafuna. Asali ikapita, limau likapita, rosemari ikapita. Akakirudisha kipande kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ni tamu," alisema, kwa adabu ile ya kumwambia mhudumu wa hoteli. Akamgeukia Rael. "Kumbe siku hizi mimi ni mgeni. Siagi ya kibuyu mmeacha kunipea?"

Rael akasema ameitafuta tangu asubuhi na hata bakuli halioni. Wanawake wawili wakageuka, kwa pamoja, kumtazama Jemutai.

Mara hii Jemutai hakutoa hotuba.

"Iko kwa sanduku langu, Mama Nyokabi. Inanuka moshi. Niliogopa ukionja, utakumbuka, uuze."

"Kwani nimesahau lini?"

Nje, kwenye shamba la jirani, magugu yalikuwa yamepita kimo cha msingi wa nyumba. Jemutai aliyatazama. Angeweza kunyamaza hapo. Kosa la siagi lilikuwa dogo, la kuchekwa, na mama yake alikuwa tayari ameanza kutabasamu.

"Na ile siku," akasema. "Ile siku ya moto ulibisha kwetu. Mama alikuwa anakuja kufungua. Ni mimi nilishikilia komeo."

Rael aliinamisha uso.

"Najua," alisema Mama Nyokabi. "Nilikusikia ukilia huko ndani."

Akasogeza sahani ya mkate katikati ya meza, na kiti chake akakitoa mlangoni, akakisogeza mezani.

"Sasa kalete siagi."