Dakika Tano za Mama Mawingu

Mpokea simu wa kituo cha televisheni alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, na kila mtu pale kazini, kuanzia walinzi hadi watangazaji, alimwita Shangazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa nyuma ya meza ile ile ya mapokezi, hedifoni imemlaza nywele upande mmoja, akiunganisha watu na watu. Alijua sauti za waume na wake wa wafanyakazi wote. Alijua nani anamkwepa nani. Ila yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje, hata pale walipobadilisha kiti chake.

Jumatatu hiyo jioni alikuwa anakusanya vitu vyake aende nyumbani. Kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani akatokea mtangazaji wa hali ya hewa, yule ambaye mji mzima ulimwita Mama Mawingu. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Alisimama mbele ya ramani yake na kueleza kama anayezungumza na jirani ng'ambo ya uzio: upepo unatokea wapi, wingu la leo limebeba nini, nani aanike na nani asubiri. Dakika tano kamili, kila jioni, mwaka wa ishirini na moja sasa.

Alipomaliza, hakuaga kama kawaida. Alisema, "Kuanzia Jumamosi kipindi hiki hakitakuwepo. Utabiri utapita kwa maandishi chini ya skrini. Mimi nitakuwa nanyi mara ya mwisho Ijumaa. Kesho mvua ipo kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo anikeni mapema."

Shangazi akakaa tena, mkoba begani.

Mama Mawingu aliposhuka ngazi, alimkuta palepale.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungelia, na mimi ningelia, halafu nani angesoma?" Alijaribu kucheka. "Mkurugenzi aliniita leo mchana. Anasema siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, hali ya hewa haina mtazamaji. Dakika zile anataka kuziweka matangazo. Mimi niwe naandika tu yale maandishi ya kupita. Nikamwambia hapana, bora niondoke."

"Hana akili huyo."

"Labda anasema kweli, Shangazi. Barua nilizopata miaka yote hiyo zinaenea kwenye kiganja."

Barua hizo zilipitia mezani kwa Shangazi, na kweli zilikuwa chache.

Jumanne asubuhi hajatundika hata mkoba, taa za swichibodi zote zinawaka na kuzima. Mkurugenzi alikuwa ameshaacha maagizo kwenye karatasi: *Waambie maoni yao yamepokelewa. Usiniunganishe na mtu yeyote.*

Wa kwanza alikuwa dobi mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Alifua mashuka ya nyumba tatu za wageni. "Mimi mashuka mia moja na ishirini naanika juu ya paa kwa neno la yule mama. Hayo maandishi ya kupita nitayasoma saa ngapi, na mimi televisheni nimeipa mgongo napiga pasi?"

"Maoni yako yamepokelewa, dada."

"Yamepokelewa na nani?"

Shangazi akababaika. Hilo swali hakulitegemea.

Baada yake simu zilimiminika. Fundi wa paa alisema hajawahi kuezua paa la mtu bila kumsikiliza Mama Mawingu kwanza, na kwamba kwa ajili yake kuna familia nyingi zimelala pakavu. Mama wa bibi harusi alieleza, kwa kirefu, jinsi alivyoisogeza sherehe kwa siku moja, wakwe wakanuna, na ile siku ya kwanza mahema ya watu wengine yakasombwa na upepo mbele ya macho yao. "Tangu hapo wakwe wananiheshimu," akasema. Mwalimu wa darasa la tano alipiga akiwa na darasa zima nyuma yake. Wale watoto walikuwa wanapima mvua kwa kopo uani na kulinganisha na maneno ya Mama Mawingu. Mmoja alipiga kutukana tu, akatukana vizuri, kisha akaomba radhi kwa Shangazi na kukata.

Wote hao hawakuwahi kuandika barua. Shangazi alianza kuelewa kwa nini. Mtu hamwandikii barua dada yake anayemwona kila jioni.

Ikafika saa tisa, "maoni yako yamepokelewa" imemkausha kinywa. Nje mvua ilikuwa inapiga vioo, imeanza saa nane na robo. Swali la dobi lilikuwa bado linamkera. Yamepokelewa na nani? Na mimi, akajijibu. Na mimi sina la kufanya nayo.

Jumatano saa nne asubuhi akapiga mzee mmoja msusi wa vikapu. Aliongea haraka haraka, kama mtu aliyeacha kazi katikati.

"Binti, nina swali moja tu. Hayo maandishi yatakayopita chini, yatasomwa kwa sauti?"

"Hapana, baba. Yatapita tu."

"Basi mimi mmenifungia mlango. Ni kipofu. Ukindu wangu nauloweka na kuuanika nje, ukinyeshewa unaota ukungu. Yule mama ndiye pekee anayesema wingu likoje. Wengine wanasema 'kama mnavyoona hapa kwenye ramani.' Yeye hajawahi kusema hivyo hata siku moja. Miaka yote najiuliza kama anajua kuwa nipo."

Shangazi alitazama karatasi ya maagizo. Akatazama kitufe cha ofisi ya mkurugenzi, ambacho kwa siku mbili hakukigusa. Akapiga moyo konde.

"Baba, hayo uliyoniambia, mrudie mkurugenzi mwenyewe. Nakuunganisha."

Akabonyeza. Baada ya mzee akamuunganisha dereva wa gari la barafu. Kisha mwalimu aliyerudi na darasa lake. Kisha dobi, ambaye aliposikia anapelekwa kwa mkurugenzi alisema, "Subiri nikae vizuri," na Shangazi akasikia kiti kikivutwa.

Kabla ya saa sita mkurugenzi alishuka ngazi, tai imelegea, sikio moja jekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusoma watazamaji kwenye majedwali.

"Shangazi, nilisema nini?"

"Ulisema nisikuunganishe na mtu."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nimekuunganisha na kumi na sita." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Wanauliza maoni yao yamepokelewa na nani. Nimechoka kuwadanganya, baba. Ukinifukuza, nitachukua mkoba wangu. Lakini taa hizo zinawaka, na mtu lazima apokee."

Walinzi wawili mlangoni walijifanya wanatazama barabara. Mkurugenzi alizitazama zile taa. Kisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea kituoni hapo, akazunguka meza, akavuta kiti cha Shangazi, akavaa hedifoni.

"Nabonyeza wapi?"

Alikaa pale saa moja na nusu. Mwanzoni alibishana. Baadaye akawa anasema "ndiyo mama," "naelewa mzee," na mwisho akawa haongei kabisa, anasikiliza tu huku akifuta miwani. Shangazi alisimama kando, akimwonyesha vitufe.

Mchana huohuo ikaja simu ya namna nyingine. Aliyepiga alikuwa mkuu wa chuo cha hali ya hewa, anamtafuta Mama Mawingu mwenyewe. "Nina wanafunzi arobaini wanaojua kupima kila kitu angani," alimwambia Shangazi akisubiri kuunganishwa, "na hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia bibi yake aanue nguo. Kama hapo hamumtaki, sisi tunamtaka."

Alhamisi mkurugenzi alimwita Mama Mawingu, akamrudishia dakika zake tano na kumwomba abaki. Dada huyo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nashukuru," akasema. "Lakini nimeshampa mkuu wa chuo neno langu, naondoka. Ila dakika tano zibaki, na zisomwe na yule binti anayenichorea ramani. Miaka sita yuko chumba cha nyuma. Mbingu anazijua kuliko mimi, na kila kinachokwenda kwenye ramani anaweza kukisema kwa mdomo. Nimemjaribu."

"Hajawahi kusimama mbele ya kamera."

"Hata mimi sikuwa nimewahi."

Mkurugenzi alikubali. Mchoraji wa ramani alipopewa habari, alikwenda kujifungia chooni dakika kumi, akatoka uso umenawa, akaomba aonyeshwe pa kusimama.

Ijumaa jioni watu walianza kuja wenyewe bila kuitwa. Walijaa uani, wakajaa hadi barabarani: mafundi wa paa na ngazi zao, watoto wa darasa la tano na sare zao, madobi mikono imesinyaa kwa maji. Walinzi wakaitoa televisheni ya mapokezi na kuiweka juu ya meza nje. Mama Mawingu alimshika Shangazi mkono, akampeleka ndani ya studio, akamsimamisha nyuma ya kamera. Miaka kumi na tisa alifanya kazi jengo hilo, na hakuwahi kukanyaga chumba kile.

Utabiri ulikuwa wa kawaida. Wingu jepesi, upepo wa kusini, siku mbili za jua. Mwishoni Mama Mawingu akasema, "Nilikuwa nadhani nazungumza na ukuta. Wiki hii mmenijibu nyote kwa pamoja. Asanteni. Naenda kufundisha, na kesho mtakuwa na binti huyu hapa. Msikilizeni." Akamvuta mchoraji kando yake, mbele ya kamera. Binti alitabasamu na kusema salamu moja tu, lakini aliisema kwa sauti ya kueleweka.

Shangwe za uani zilipenya kuta za studio, kuta zilizojengwa makusudi zisipitishe sauti. Fundi mitambo alisahau kuzima kipaza sauti, na mji mzima ukazisikia.

Mama Mawingu alitaka kupitia mlango wa nyuma. Shangazi akamkatalia. "Leo unatoka kwa mbele," akasema, akamshika mkono.

Walipotokea, watu waliwafungulia njia. Karibu na lango alisimama msusi wa vikapu, mjukuu wake wa kike amemshika kiwiko. Alinyoosha mkono hewani, juu kabisa, akiutafuta uso. Ikabidi aushushe, na aushushe tena, mpaka akagusa bega.

"Kumbe mfupi hivi," akasema. "Sauti ilinidanganya."

Mama Mawingu akacheka mpaka akalazimika kuinama. "Swali lako nililetewa, baba. Nilijua upo," akasema. "Kila siku nilijua kuna mtu asiyeiona ramani."

Ndipo dobi akasogea, akamtazama Shangazi, aliyekuwa amejibanza kando, hedifoni bado shingoni. "Na wewe ndiye uliyetuunganisha?"

"Ni mimi," akasema Shangazi.

Dobi aligeuka, akapaza sauti ile ya kukwaruza, akawaambia watu ni nani huyu, na watu wakampigia makofi. Shangazi alisimama wima katikati ya ua, hakujua mikono aiweke wapi, na hakutamani yaishe.