Akina Jones wa Wattaya

Tangu Bi Kidawa aione pasipoti ya Conjesta, mtumishi wake wa ndani, Jones yeyote akifa popote duniani, msiba unakuwa Wattaya, huku Oman.

"Kumbe we ni Jones," alisema siku ile, miwani puani. "Na mie nnakutuma ukasugue choo. Ukoo mkubwa huo."

Conjesta alijaribu kumweleza kwamba kwao Bukoba jina la mwisho ni la babu tu, na babu yake alilipata kwa mzungu mpima ardhi aliyemnunulia viatu vya kwanza. Lakini Bi Kidawa, Mwarabu wa Oman aliyezaliwa Unguja, hajui jina la mwisho lisilo na damu ndani yake. "Watu wa bara mna siri," akaguna, yakaishia hapo.

Basi akawa anawafuatilia kwenye simu. Jones mwimbaji, Jones mcheza raga, Jones aliyegundua sijui dawa gani. Wako wengi, na wengi wao wazee, kwa hiyo hawakawii kufa. Akifa mmoja, Bi Kidawa ambaye hajawahi kuipenda nyumba tupu huwapigia simu mashoga zake wote, nao wakajaa sebuleni siku tatu kwa kahawa, tende, halua na khabari za nani kaolewa Sohar na nani karudishwa kwao.

"Pole mwanangu, Mungu akupe subira," humwambia Conjesta, huku wakimnyooshea vikombe. "Kahawa ya leo iliki haijakolea."

Hapo ndipo palipomchosha. Mfiwa ndiye anayepika, anayemimina, anayeosha vikombe sitini. Mwaka huu peke yake alishafiwa mara nne, na miguu imevimba mpaka anavaa ndara za bafuni.

Jumanne asubuhi kaka yake Raymond akatuma ujumbe: babu amefariki. Babu Jones mwenyewe. Conjesta akasimama jikoni, na kitu cha kwanza kumjia hakikuwa machozi, ni vile vikombe. Akaona haya. Akasema moyoni, simwambii mtu. Lakini wali ukaungua, na Bi Kidawa akafuata harufu.

"Una nini leo?"

"Bibi, Jones amefariki."

Bi Kidawa alishaitoa simu. "Yupi? Yule wa sinema?"

"Babu yangu. Wa Bukoba."

"Yeye alikuwa nani?"

"Fundi baiskeli."

Bi Kidawa akaiangalia simu, kisha akaiweka juu ya friji taratibu.

"Naomba wasije, Bibi," Conjesta akasema. "Safari hii nataka kukaa tu. Nimechoka."

"Mtu afiwe na babu yake nyumba iwe tupu? Watakuja. Lakini we jikoni hutii mguu."

Wakaja alasiri. Conjesta akakalishwa kwenye godoro kubwa, kanga safi mabegani, mikono haijui pa kukaa. Bi Kidawa akamimina mwenyewe na magoti yake mabovu. Kahawa ilikuwa maji matupu, wakainywa wakitazamana. Kikombe cha Bi Mazoon, jirani wa ukuta mmoja, kilipoisha, Conjesta akainuka kwa mazoea. Bi Mazoon akamvuta kanga.

"Kaa. Mfiwa hainuki."

"Magoti yanamuuma Bibi."

"Yamuume, keshakaa sana huyo. Hebu tupe khabari za babu."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo kwa wale Jones wengine. Akaanza kuwasimulia jinsi babu alivyokuwa akizungusha tairi huku kafumba macho, na kwa sauti yake tu akajua ni waya gani umelegea. Akafika hapo, kope zikawa nzito. Bega la Bi Mazoon lilikuwa karibu, linanuka udi.

"Enhe, waya wa upande gani?" Bi Kidawa akauliza kutoka mlangoni.

"Shh. Mwache," Bi Mazoon akamjibu.

Jikoni kikombe kikaanguka, kikavunjika. Conjesta alikisikia vizuri kabisa. Hakuinuka.