Lasanya ya Fundi Mwashi

Maneno yalimtoka fundi mwashi Jumapili moja, nyumba imejaa wageni, na neno likishatoka halirudi kinywani. Mkewe alikuwa ameleta mezani lasanya, chakula cha Kiitaliano alichojifunza kwenye jiko la hoteli anakofanya kazi, na alikuwa ameanza kukipika tangu asubuhi. Fundi akazitazama zile tabaka za tambi bapa, nyama na sosi nyeupe, akasema, "Hii si plaibodi iliyopigwa lipu?" Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mke hakucheka. Jumatatu akaenda kwa dada yake, na sasa wiki ya tatu ilikuwa inakatika.

Ujumbe aliuleta msusi wa nyumba ya pili, ambaye hakuna ndoa mtaani isiyopitia kwenye kiti chake.

"Kaniambia nikufikishie kama ulivyo," alisema. "Ipike mwenyewe. Jumamosi saa nane anakuja na dada yake. Akikuta umenunua, anafungasha nguo zilizobaki."

"Na nikipika?"

"Hapo hakusema. Na nilimuuliza mara mbili, fundi, unanijua."

Jumamosi fundi aliingia jikoni saa tatu asubuhi. Msusi alikuja kusaidia, yaani aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaangalia. Nyama ya kusaga ilikaangwa na vitunguu na karoti, ikamiminiwa nyanya za kopo, ikaachwa itokote polepole. Sosi nyeupe haikumsumbua. Mtu aliyekoroga saruji miaka ishirini hashindwi na madonge ya unga. Alimimina maziwa kidogo kidogo juu ya siagi na unga, akikoroga hadi pembeni mwa sufuria, ikatoka laini.

Aliponzwa na tambi. Paketi iliandikwa kwamba zipangwe zikiwa kavu. Fundi akaguna.

"Huyu aliyeandika hajajenga hata choo. Tofali kavu linakunywa maji yote ya udongo, ukuta unapasuka. Linaloweshwa kwanza."

Akazitumbukiza zote ishirini na nne kwenye beseni la maji ya moto, zimelaliana vilevile zilivyotoka kwenye paketi, akaenda kupaka sinia siagi na kukwaruza jibini. Aliporudi akainua moja, zikanyanyuka zote. Zilikuwa zimegandana kama daftari lililonyeshewa mvua.

Ilikuwa saa sita kasoro. Duka lililoziuza lilikuwa limebakiwa na paketi ile ile moja, na alikuwa ameinunua yeye.

"Basi usijitie presha," alisema msusi. "Kanunue iliyopikwa, tuipakue kwenye sinia lako. Mimi nitaapa nilikuona ukipika. Na si uongo, si nimekuona?"

Fundi alitikisa kichwa. Kisha akavuta kigoda, akachukua kisu kisichokata na kikombe cha mafuta, akaanza kuzibandua moja moja. Kazi ilimla karibu saa nzima. Zilitoka nzima kumi na moja. Zilizobaki zikawa vipande. Nzima alizipanga pembeni, vipande akavijaza katikati, na kila tabaka akahakikisha maungio ya tambi hayaangukii juu ya maungio ya chini, kama ukuta wa tofali. Nyama, sosi, jibini, tena tambi. Sinia likaingia kwenye oveni saa saba na robo.

Wageni walifika saa nane kamili, wakati analitoa. Juu palikuwa pamegeuka rangi ya kahawia, pembe moja imeungua. Mke alisalimia, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Dada yake hakuketi.

"Shemeji, kata basi tule twende zetu. Ni makaroni tu hayo."

Akanyoosha mkono kwenye kisu. Fundi akamwahi, akasimama kati yake na sinia.

"Si makaroni, shemeji. Hapa pana saa tano za mtu. Inaachwa itulie. Zege ukilitoa mbao mapema linaporomoka, halafu anachekwa aliyelimwaga."

 Maneno hayo fundi aliyasikia mwenyewe, akakumbuka Jumapili ile. Akamgeukia mkewe.

"Nilikufanya kichekesho cha watu, mama watoto. Nimekosa."

 Macho ya mke yalikuwa kwenye mabaki ya tambi ndani ya beseni.

"Uliziloweka?"

"Niliziloweka."

"Zote pamoja?"

"Zote."

"Yesu na Maria! Kabandua moja moja kwa kisu," msusi akadakia. "Mimi shahidi."

Mke akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. Baada ya robo saa fundi akakata. Kipande kilisimama. Mke alikionja, akatafuna taratibu kama anavyoonja vyakula vya wanafunzi wa upishi kule hotelini.

"Chumvi haijafika. Na nyama ungeiacha nusu saa zaidi."

Akasogeza sahani apewe kingine.

Dada yake akatazama saa ya ukutani. "Nianze kuzitoa zile nguo kabatini?"

"Kaa ule, dada. Ikipoa hainogi."

Msusi, ambaye hajawahi kuondoka mahali sahani zikiwa bado na kitu, alifunga kipande chake kwenye karatasi akaaga. Ana mteja anamsubiri, alisema, ingawa saluni ilikuwa na kufuli tangu asubuhi.