Mashahidi wa Papa Kelele

Kichwa kilikaa juu ya meza ya Xavier kama mgeni aliyesusia chakula: mdomo wazi, macho hakuna, na meno ya watu ambao walikwisha kuyasahau. Philémon ndiye aliyekichonga, kwa mti wa musave. Alikitia fizi za nta ya nyuki iliyokorogwa na majivu, kisha akayapanda humo meno yaliyong'olewa kwenye dispensaire, yaani zahanati, moja moja, kama mtu anayepanda maharagwe. Wanafunzi wa uuguzi walijifunzia hapo. Anayelitikisa jino polepole mpaka lilegee, kichwa kinamnyamazia. Anayelisokota kwa pupa, kichwa kinalia: nngiiii! Ndiyo maana mtaa wote wa Kadutu ulikiita Papa Kelele.

Apolline, mke wa Philémon, alikataa kiti. Kitu asichokijua hupenda kukizunguka, shingo mbele, kama kuku aliyeona mjusi. Asubuhi ile alikuja na mumewe kwenye mvua, jani la mgomba kichwani, maana mwavuli wake mweusi ulipotea tangu Pasaka na hakuna aliyejua ulikokwenda. Sasa alikuwa akilowesha sakafu ya avocat, mwanasheria, huku akimtazama karani, huyu Xavier mwenye sharubu nyembamba, ambaye neno lake ndilo Maître, yaani avocat mwenyewe, angelisikia kwanza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Daktari wa meno, Mbelgiji aliyemwajiri Philémon kutengeneza viti na makabati ya dispensaire, alikuwa karibu kwenda likizo Ulaya. Siku moja alimpigapiga Papa Kelele utosini, akasema huko atamwombea breve. Breve ni hati ya serikali: inasema kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikitengeneze ila kwa ruhusa yake. Daktari alisema "nitaomba". Hakusema "tutaomba". Philémon alirudi nyumbani, ugali ukapoa mbele yake bila kuguswa. Jina lake lingefutika kwenye kazi ya mikono yake, naye yuko hai anaona. Apolline ndiye aliyemwambia, "Basi twende na siye. Mulango ya serikali haiko ya mutu moja."

Xavier alifungua kitabu kikubwa cha picha za vyombo vya Ulaya.

"Breve inatafuta kitu mupya," alisema. "Tuone. Kichwa?" Akawaonyesha kichwa cha chuma, mdomo wazi, meno yamepangwa. "Haiko mupya. Meno ya kung'oa na kurudisha? Angalieni hii. Haiko mupya. Fizi ya nta?" Akafunua tena. "Na wao walitia kitu laini."

Kila "haiko mupya" ilimshusha Philémon bega. Apolline yeye alizidi kusogea. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kuchambuliwa hivyo, kama kuku anavyokatwa: paja hili la zamani, bawa hili la zamani, mpaka ubaki na kipande kimoja usichokijua jina.

"Na kulia?" akauliza.

Xavier akapekua mbele, akapekua nyuma. Akashika koleo, akalisokota gego.

Nngiiii!

Karani aliruka mpaka kalamu ikaanguka. Halafu akacheka, akainama, akaweka sikio kwenye shavu la mti. "Hii sijaona," alisema taratibu. "Hii, hapana, sijaona. Inaliaje?"

"Ile nitafungua mbele ya Maître," Philémon akajibu. "Hata bibi yangu sijamuonyesha."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimwasha Apolline kuliko upupu.

"Sawa," Xavier akasema. "Rudini lundi. Muniletee kitu ya kuonyesha kama ni Philémon njo alianza, siyo daktari."

Njia nzima ya kurudi Apolline alikuwa akifikiri. Kwao, watu wawili wakigombania shamba mbele ya chef wa kijiji, anayeshinda ni yule ambaye majirani walimwona akipanda miti ya mpaka. Macho mengi, haki nyingi. Hakulala kwenye jambo hilo. Alipita nyumba kwa nyumba.

Jumatatu Xavier alifungua mlango akakuta uwanja umejaa. Mama Colombe muuza ndazi alikuja na kikapu chake. Polycarpe katekista alikuja na koti la Jumapili. Wanafunzi wa dispensaire, majirani, na nyuma kabisa Jean-Baptiste, mdogo wake Philémon, mpiga likembe wa harusi na ubatizo, likembe yake, kile kisanduku cha ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole, kwapani.

"Maman Apolline, hii ni nini?"

"Mashahidi," alisema, akinyoosha kitambaa cha kichwa. "Wote wamesikia Papa Kelele. Uliza."

Wakaanza kabla hawajaulizwa. Mama Colombe aliapa kwamba siku ya ubatizo wa Rosalie, mtoto wa Philémon, wageni walipanga foleni kung'oa, na yeye mwenyewe aling'oa kwa mkono wenye mafuta. Polycarpe alisema kichwa kililia hata wakati wa sala ya chakula. "Tena kwa sauti kuliko yako, katekista!" mtu akadakia, watu wakacheka.

Xavier hakucheka. Alikaa kwenye ngazi, akavua miwani.

"Maman, umeiua."

"Nimeua nini?"

"Breve. Breve ni ya kitu ambayo batu hawajajua bado. Bureau watapokea karatasi, hawatauliza. Lakini siku ya ubishi, kule mahakamani mbele ya juge, kitu iliyojulikana na batu wote haiko mupya tena. Inaanguka."

Apolline alilitafuna hilo. "Kwa hiyo kitu inakuwa yako kama hakuna mutu anajua ni yako?"

"Njo loi, maman, njo sheria."

"Loi hii haijalima shamba hata siku moja."

Philémon alikuwa ameshika kichwa chake cha mti kwa mikono miwili. Xavier akamtazama, na wazo likamjia. Akasimama.

"Ngojeni. Kusikia haiko kujua. Kama hakuna anayejua ndani mule kuna nini, pengine bado kuna nafasi. Mama Colombe, nini inalia?"

"Chura," alijibu bila kusita. "Chura mukavu."

"Filimbi," akasema Polycarpe. "Jino likitoka, hewa inapita."

"Ressort, springi ya kitanda," wanafunzi wakasema, kisha wakabishana ni kitanda cha nani.

Kila jibu la uongo lilimwinua Philémon bega alilolishusha wiki iliyopita. Apolline naye alianza kupumua. Ndipo jicho lake likamwangukia Jean-Baptiste. Alikuwa akitabasamu lile tabasamu lake la karata nzuri. Apolline akatikisa kichwa. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Shemeji, uko na homa?" Jean-Baptiste akauliza, akapita katikati ya watu. Akainua likembe, akakwaruza ulimi mmoja kwa kucha.

Nngiiii.

Uwanja wote ukageuka kukitazama kichwa, kumbe hakuna aliyekigusa.

"Ni ulimi wa likembe," alisema kwa furaha. "Mbavu ya mwavuli, umepiga nyundo mpaka imelala. Umeiweka chini ya shina ya jino. Mutu akisokota, shina inaikwaruza. Si vile, yaya?" akamuuliza kaka yake.

"Nani alikuambia?" Philémon akauliza.

"Papa Kelele mwenyewe. Siku ya ubatizo nilimusikia, nikasema, huyu ni ndugu yangu."

Xavier akafunika kalamu yake. Hakuwa na haja ya kusema, lakini alisema: "Imeisha."

"Nimekosa nini?" Jean-Baptiste akatazama huku na huku.

Apolline alikuwa ameanza kuzunguka tena. Alimzunguka mumewe na kichwa chake mara moja, akasimama mbele ya karani. "Na breve ya daktari? Ile ya Ulaya?"

Xavier akavaa tena miwani. Alitazama umati, akautazama tena kama mtu anayeona mali. "Karatasi anaweza kupata. Lakini mutu akimupinga, akaleta hawa..." Tabasamu likapanda chini ya sharubu. "Itaanguka vilevile. Maître atamuambia daktari kabla hajapanda ndege."

"Mumesikia?" Apolline akawageukia watu. "Hakuna kuhama Kadutu!"

Walicheka, ila Philémon hakucheka. "Kwa hiyo haiko yake," alisema. "Na haiko yangu."

"Haiko ya mutu," Xavier akajibu kwa upole.

Philémon alikaa chini na kichwa cha mti magotini. Alipapasa shavu lake muda mrefu, pale patasi yake ilipopita. Kisha akatoa kisu, akabandua kipande nyuma ya taya kilichofungwa hata usingeona ufa. Watu wakabanana.

"Yaya, ulimi wako uko chini," Jean-Baptiste akanong'ona. "Analia kama mbuzi. Lete nikaze."

Philémon alimtazama mdogo wake. Mwisho akampa.

Lakini Apolline aliwahi kuinama kwanza. Humo ndani, chini ya mizizi ya meno, kilingojea kijiti cha chuma, chembamba, kimeng'aa kwa kukwaruzwa. Kwenye ncha yake uzi mweusi wa kitambaa ulikuwa bado umejisokota. Alikitazama kwa muda, akaridhika kabisa. Halafu akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa ameanza kutafuta kitu mawinguni.

"Na mwavuli wangu, Philémon? Hii nayo iko ya batu wote?"